Kifauongo ndani ya sekunde themanini: mwongozo wa kutengeneza video fupi za sayansi kwa simu

Kuna mmea mdogo unaotambaa kando ya njia, pembeni mwa viwanja vya mpira na chini ya minazi. Maua yake ni ya rangi ya waridi, kama vipira vya nyuzi. Ukiugusa, majani yanajikunja na kulala. Watoto wa pwani wanaucheza tangu zamani na jina lake wanalijua: kifauongo. Jina hilo peke yake ni nusu ya somo. Aliyeuita hivyo aliutazama kwa makini, akaona kwamba unajifanya umekufa, halafu unafufuka.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi mkoani Tanga. Video yangu ya kwanza ilihusu usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga. Nilisimama mbele ya ubao, nikasoma maana, nikachora mishale, nikamaliza baada ya dakika sita. Wanafunzi waliitazama kwa adabu, wakanyamaza. Video ya kifauongo ilikuwa ya sekunde themanini, na kabla haijaisha watoto wanne walikuwa wameshatoka nje kuutafuta mmea wenyewe. Tangu siku ile nafuata kanuni moja: jambo litangulie, jina lifuate. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya kanuni hiyo.

Hatua ya kwanza: tafuta swali, acha mada

"Hali za maada" ni mada. "Kwa nini chupa ya maji iliyosahauliwa kwenye friza imepasuka?" ni swali. Mada inakaa kwenye silabasi, swali linakaa kwenye nyumba ya mtu. Mtazamaji anayepitisha kidole kwenye simu hasimami kwa ajili ya silabasi. Husimama akiona kitu alichowahi kukiona, akakumbuka kwamba hajawahi kuambiwa sababu yake.

Hapa Tanga tuna mfano mkubwa. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto. Vijana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akaweka ya kwake yangali ya moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha kabisa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Alipofika Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam aliyekuwa amekuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne aliyarudia majaribio, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wanafizikia bado wanabishana kama linatokea kweli, na kama linatokea, ni kwa sababu gani. Swali lilitoka kwenye aiskrimu.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya kurekodi chochote, tembea na daftari. Andika kila "mbona" unayoisikia jikoni, kwenye daladala, shambani, ufukweni. Mbona kifuniko cha sufuria kinacheza maji yakichemka? Mbona umande upo asubuhi na mvua haikunyesha? Mbona kumbikumbi hutoka baada ya mvua, tena wote kwa pamoja? Ukipata kumi, chagua lile ambalo jibu lake linaweza kuonekana kwa macho. Hicho ndicho kichujio kikubwa. Swali zuri ambalo jibu lake halionekani liandikie makala, usilifanyie video.

Hatua ya pili: likate swali mpaka libaki moja

Hapa ndipo wengi tunaharibu, hasa sisi walimu, kwa sababu tunaogopa kuacha kitu.

Chukua mfano wa maji kupwa na kujaa. Mtu wa pwani anajua kuna bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na kuna maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Ukitaka kueleza kila kitu kwa mara moja utazungumzia mwezi, jua, mzunguko wa dunia, kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku, na kwa nini kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Hizo ni video tano. Nimewahi kuziweka tano hizo ndani ya moja, na kila aliyeitazama alitoka na kipande tofauti, tena kisicho kamili.

Chagua moja: bamvua hutokea lini? Jibu lake linaonekana. Siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa kwenye pwani yetu hupita mita tatu. Bahati nzuri kwa mpiga video ni kwamba, siku hizo za bamvua, maji huwa yamekupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Picha zote mbili unazipata mchana. Weka alama mahali uliposimama, rekodi sekunde kumi asubuhi, rudi jioni usimame palepale, simu iwe kwenye kimo kilekile. Ukiziunganisha, mtazamaji ataona ngalawa iliyolala mchangani ikielea. Baada ya hapo maneno mawili matatu yanatosha: mwezi ulikuwaje usiku ule? Onyesha mwezi. Kwisha.

Swali la kwa nini mara mbili kwa siku liweke akiba. Watu wataliuliza wenyewe.

Hatua ya tatu: hakikisha kabla hujasema

Niliwahi kusema kwenye video kwamba mchwa ni aina ya sisimizi. Mzee mmoja mfuga nyuki aliniandikia kwa upole: mwalimu, tazama kiuno. Nikatazama. Sisimizi ana kiuno chembamba kama aliyefungwa kamba, mchwa hana. Kumbikumbi, ambao ni mchwa wenye mabawa, wana mabawa manne yanayolingana urefu. Sisimizi mwenye mabawa, ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Mchwa ni ndugu wa mende. Niliiondoa video ile, nikarekodi nyingine iliyoanza na kosa langu na kuonyesha viuno viwili ubavu kwa ubavu.

Utaratibu ninaoufuata sasa ni huu. Kila sentensi ya sayansi niliyoiandika naitafutia uthibitisho kwenye vitabu viwili ambavyo havikunakiliana, kisha naisoma kwa mtu anayeishughulikia kazi hiyo: mvuvi, mkulima, muuguzi, fundi wa friji. Fundi wa friji atakufundisha mengi kuhusu mvuke kuliko unavyodhani. Na jaribio lolote nalifanya mara tatu nyumbani kabla ya kuwasha kamera. Likigoma mara moja kati ya tatu, natafuta sababu kwanza.

Kuna imani pia. Kinyonga, kwa mfano, watu wengi wanamwogopa, wengine wanamuua. Usianze video kwa kuwacheka wazee. Anza na macho yake, kila jicho likigeuka upande wake. Sema kwamba rangi anazibadilisha zaidi kwa kuwasiliana na wenzake na kwa ajili ya joto na baridi kuliko kwa kujificha. Mtazamaji akishampenda kinyonga, hofu inapungua bila kumvunjia bibi yake heshima.

Hatua ya nne: andika maneno, kisha punguza

Nikizungumza kwa utulivu, dakika moja inabeba maneno kama 110. Kwa hiyo sekunde themanini ni chini ya maneno 150, na zile zenye kimya ndani yake ni pungufu zaidi. Andika yote. Usitegemee kwamba yatakuja mbele ya kamera. Yatakuja na "eee" na "kwa hiyo basi" nyingi.

Hili ndilo andiko langu la kifauongo, lichukue ulibadilishe upendavyo:

Sekunde 0 hadi 6. Kidole kinagusa, majani yanajikunja moja baada ya jingine. Hakuna maneno.

Sekunde 6 hadi 15. "Umeona? Mmea huu hauna misuli, hauna mfupa, hauna ubongo. Umejikunja vipi?"

Sekunde 15 hadi 30, kamera karibu kabisa na shina la jani. "Tazama hapa jani linaposhikana na kikonyo. Pana uvimbe mdogo. Ndani yake mna vyumba vidogo sana vilivyojaa maji. Maji hayo ndiyo yanayolisimamisha jani."

Sekunde 30 hadi 50, glavu ya mpira iliyojazwa maji, vidole vimesimama. Kisha naifungua na vidole vinalala. "Ukigusa, maji yanavitoka vyumba vya upande mmoja. Upande huo unalegea kama glavu hii, na jani linaanguka."

Sekunde 50 hadi 65, majani yanafunguka kwa mwendo wa haraka. "Upe mmea robo saa. Maji yanarudi, na jani linafufuka."

Sekunde 65 hadi 80. "Vyumba hivyo vidogo vinaitwa seli. Sisi mmea huu tunauita kifauongo. Kwenu mnauitaje?"

Angalia neno "seli" limekuja mwishoni, mtazamaji akiwa ameshaziona seli zikifanya kazi kupitia glavu. Lingekuja mwanzoni, lingekuwa neno la kukariri. Na hili lina uzito wa pekee kwetu Tanzania, ambako mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, halafu Kidato cha Kwanza anakutana na mambo yaleyale kwa Kiingereza. Aliyekariri jina anaanza upya. Aliyeliona jambo anabadilisha jina tu. Ndiyo maana mwishoni mwa video huandika kwenye kioo maneno yote mawili, la Kiswahili kwa herufi kubwa na la Kiingereza chini yake.

Tuna istilahi nzuri, tuzitumie bila woga: usanisinuru, kanieneo, msuguano, mvukizo. Ila kila moja iingie mlangoni ikiwa imeshikwa mkono. "Hewa inasukuma" kwanza, "kanieneo" baadaye.

Tarakimu nazo zinahitaji mwili. Kuna jaribio la bilauri ya maji: ijaze mpaka mdomoni, ifunike kwa karatasi ngumu, ipindue, ondoa mkono. Karatasi haianguki. Ukisema tu kanieneo ya hewa ni takriban kilo moja kwa kila sentimita mraba, hakuna atakayekumbuka. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja, isimamishe juu ya ukucha wa kidole chako kidogo, useme: hewa inasukuma kila mahali kwa uzito huu. Kisha sema kwamba maji ya bilauri yenye kimo cha sentimita kumi yanasukuma karatasi chini kwa gramu kumi tu kwa eneo kama hilo. Mtazamaji atafanya hesabu mwenyewe nani ameshinda. Rekodi jaribio hili mbele ya kaniki iliyotundikwa ukutani, maji yataonekana vizuri kwenye weusi ule, na weka beseni chini.

Hatua ya tano: kurekodi

Simu yako inatosha. Anza kwa kufuta lenzi kwa kitambaa cha pamba. Ukungu unaouona kwenye video za wengi ni mafuta ya vidole. Shika simu wima kama video itatazamwa kwenye simu. Bonyeza kioo na ushikilie juu ya kitu unachokirekodi mpaka simu ijifunge hapo, vinginevyo itahangaika kutafuta pa kulenga katikati ya tukio. Kama huna stendi, matofali mawili na mpira wa kufungia vinafanya kazi ileile. Kwa vitu vya ardhini igeuze simu kichwa chini ili lenzi ikaribie udongo. Sisimizi anayetazamwa kutoka usawa wake ni mnyama mwingine kabisa.

Kifauongo kina masharti yake. Kinalala usiku, na upepo mkali au mvua hukifunga, hivyo nenda saa tatu asubuhi, hewa ikiwa imetulia. Kila jani lina nafasi moja: ukigusa umekwisha, unangoja mpaka lifunguke. Na majani yanayosumbuliwa mfululizo hujibu kwa uvivu. Tafuta mahali penye mashina matano au sita, anza kurekodi, hesabu tatu kimoyomoyo, ndipo uguse. Angalia miiba midogo kwenye shina.

Mguso wenyewe urekodi kwa mwendo wa taratibu. Simu nyingi zina chaguo la picha 240 kwa sekunde. Zikionyeshwa kwa picha 30 kwa sekunde, sekunde moja inakuwa nane, na unaona vijani vikifunga jozi kwa jozi. Kufunguka kurekodi kwa kinyume chake. Picha moja kila baada ya sekunde mbili kwa robo saa ni picha 450, nazo zinakupa sekunde kumi na tano za video. Simu isiguswe kabisa kwa muda huo, na iwekwe kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati.

Sauti ndiyo inayoua video nyingi, kuliko picha. Mtu atavumilia picha yenye giza kidogo, sauti ya upepo haivumilii hata sekunde tano. Usirekodi maelezo yako nje. Rekodi picha nje, kisha ingia chumba chenye godoro, mapazia na nguo nyingi, zima feni, simu iwe kiasi cha kiganja kimoja na nusu kutoka mdomoni, usome andiko lako. Kama ni lazima useme palepale ufukweni, tumia kimaiki cha waya wa masikioni ukivishe soksi nyembamba. Mimi hujifunika blanketi zito kichwani nikirekodi usiku, na sauti hutoka safi.

Jambo la mwisho katika kurekodi si la ufundi. Usimtese mnyama ili upate tukio. Konokono anayemwagiwa chumvi anakufa kwa kukauka, na anayejifunza hapo ni mtoto anayejifunza kumwaga chumvi. Sura ya mtoto isionekane bila ruhusa ya mzazi. Mikono yake inatosha, na mara nyingi mikono hupendeza zaidi. Moto, umeme wa ukutani na kutazama jua moja kwa moja viache kabisa, kwa sababu video nzuri ya sayansi ni ile ambayo mtoto ataijaribu nyumbani saa hiyohiyo bila wewe kuwapo.

Hatua ya sita: kuhariri

CapCut au programu nyingine yoyote ya bure inafaa. Kata kila kitu kilicho kabla ya tukio. Salamu, jina lako, jina la kipindi, vyote vipeleke mwishoni au viache. Weka maandishi ya maneno unayosema, kwa sababu wengi hutazama kwenye daladala bila sauti, ila yasikae chini kabisa, huko hufunikwa na vitufe. Muziki ukiwepo uwe wa chini, na unyamaze kabisa wakati wa tukio. Toa video kwa ukubwa wa 720: kwenye kioo cha simu inaonekana vizuri, na mzazi anayenunua bando la siku hataiacha njiani.

Kabla ya kuiachia, muite mtoto mmoja wa jirani, mpe simu, usiseme neno. Mtazame usoni. Pale macho yatakapoondoka kwenye kioo, hapo pana kitu cha kukata.

Hatua ya saba: yasikilize majibu

Video ya kifauongo ilinirudishia majina kutoka mikoa mbalimbali, na ndani ya majina hayo kulikuwa na maswali. Lililorudiwa zaidi lilikuwa hili: je, usiku kinalala kwa sababu ya giza? Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques de Mairan aliuweka mmea wa jamii hii ya majani yanayolala mahali pasipo na mwanga, akakuta majani yanaendelea kufunguka mchana na kujifunga usiku. Mmea una saa yake ndani.

Hiyo ni video ya pili na haikugharimu wazo jipya. Panda kifauongo kwenye kopo, kiache siku tatu dirishani kizoee. Jioni kikiwa kimelala, kiingize kabatini, ziba nyufa kwa kaniki, uandike saa kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Kesho yake saa nne asubuhi, washa kamera kwanza, kisha ufungue mlango.